Kuchekecha, Kupepeta na Kuchuja: Istilahi za Kutenga Chembe Laini katika Mawe Makavu ya Chokaa Yaliyopondwa

Ikisiri

Mawe ya chokaa yakipondwa hutoa kokoto, mchanga na chembe laini sana, ambazo mara nyingi hazina budi kutengwa kabla ya kokoto na mchanga huo kutumika. Mahali ambapo maji ni haba, au ambapo chembe hizo zinahitajika zikiwa kavu, kazi hiyo hufanywa bila kuosha. Makala haya yanaeleza hatua za utengaji huo mkavu na kuonesha kwamba Kiswahili kinavyo tayari vitenzi vinavyozitofautisha hatua hizo kwa usahihi: kuchekecha, kupepeta na kuchuja. Hoja kuu ni kwamba kuvichanganya vitenzi hivyo katika miongozo ya kazi kunahatarisha afya ya wafanyakazi. Aidha, makala yanapendekeza kwamba tofauti kati ya unga na vumbi iwekwe wazi katika viwango na kanuni za nchi za Afrika Mashariki.

Istilahi za msingi: mawe ya chokaa, unga wa mawe, vumbi, kuchekecha, kupepeta, kuchuja, kisulisuli

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita niliombwa kupitia rasimu ya mwongozo wa usalama uliotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wafanyakazi wa machimbo ya mawe ya chokaa. Katika kurasa za mwanzo nilikuta agizo kwamba “faini zote ziondolewe kabla ya kokoto kupakiwa”. Kiingereza hutumia neno moja kwa chembe laini za mawe na kwa adhabu ya fedha, na mfasiri alichagua maana asiyokusudiwa. Kosa hilo lilituchekesha, likasahihishwa, likaisha.

Kosa la pili halikumchekesha mtu, kwa sababu hakuna aliyeliona. Mwongozo ulitumia kitenzi kimoja, kuchuja, kwa kazi tatu zinazofanywa na mitambo mitatu tofauti, na jina moja, chujio, kwa mitambo yote mitatu. Kisha ukaagiza hivi: “Chujio likiziba, lifunguliwe na kukung’utwa.” Kwa wavu wa chuma unaotenga kokoto, agizo hilo ni sahihi. Kwa chumba chenye mifuko ya kitambaa inayonasa vumbi, agizo hilohilo humfanya mfanyakazi ajimwagie usoni vumbi ambalo mtambo ulijengwa kumkinga nalo. Sentensi ilikuwa sanifu kabisa kisarufi. Hatari ilikuwa katika istilahi.

Makala haya yametokana na sentensi hiyo. Yameandikwa na mtafiti wa lugha, si mhandisi, kwa wasomaji wanaotunga sera na wanaotafiti istilahi. Hata hivyo, msimamo wetu ni kwamba mwanaistilahi hawezi kuutaja vema mchakato asiouelewa. Kwa hiyo tunaanza na kazi yenyewe, kisha tunarudi kwenye maneno.

2. Kwa nini chembe laini zitengwe

Mawe ya chokaa ni malighafi kuu ya saruji, na viwanda vinavyoyatumia vimetapakaa katika ukanda wetu: Tanga na Wazo nchini Tanzania, Bamburi na Athi River nchini Kenya, Tororo na Hima nchini Uganda, Bugarama nchini Rwanda. Mawe hayo pia hupondwa kuwa kokoto na mchanga wa ujenzi, hasa mahali ambapo mchanga wa mito umepungua au uchotaji wake umedhibitiwa.

Jiwe linapopondwa halivunjiki katika vipande vya ukubwa mmoja. Kila pigo la mtambo wa kuponda, ambao wengi huuita krasha, hutoa vipande vikubwa, vidogo na unga. Katika mchanga unaotokana na mawe yaliyopondwa, unga huo waweza kuzidi asilimia 10 ya uzito wote. Viwango vya Marekani huhesabu kuwa laini sana chembe zinazopita kwenye wavu wenye matundu ya mikroni 75. Viwango vya Ulaya hutumia mikroni 63. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu kwa kawaida una unene wa mikroni 50 hadi 100. Tunazungumzia, basi, chembe ambazo kubwa zake hazizidi unene wa unywele.

Unga ukizidi katika zege, huongeza kiasi cha maji yanayohitajika kwa sababu eneo la nyuso za chembe zake ni kubwa mno likilinganishwa na uzito wake. Na maji yakizidi, zege hupoteza nguvu. Unga ukigandamana juu ya kokoto, huzuia saruji au lami kushika jiwe lenyewe. Lakini unga huohuo ukitengwa ni mali: hupunguza tindikali katika udongo wa shamba, huongezwa kwenye chakula cha kuku ili maganda ya mayai yawe magumu, hujaza nafasi ndogo katika lami na huchanganywa katika saruji. Utengaji, kwa hiyo, si kuondoa uchafu tu. Ni kugawa bidhaa mbili zilizozaliwa pamoja.

Njia rahisi ya kuzigawa ni kuosha. Hata hivyo, kuosha kunahitaji maji mengi na mabwawa ya kutuamisha tope, na unga unaopatikana ni tope ambalo halina budi kukaushwa kwa gharama kabla halijauzwa. Ndiyo sababu utengaji mkavu una nafasi yake, hasa katika maeneo yenye ukame.

3. Namna utengaji mkavu unavyofanyika

3.1 Wavu na kikomo chake

Hatua ya kwanza ni kupitisha mawe juu ya wavu unaotikiswa. Kipande kidogo kuliko tundu hupita, kikubwa hubaki. Kigezo cha mgawanyo ni tundu, yaani umbo na ukubwa wa chembe. Njia hii hufaa sana kwa kokoto na mchanga mnene. Kadiri matundu yanavyopungua, kazi huwa ngumu: waya huwa mwembamba na dhaifu, tani zinazopita kwa saa hupungua, na chembe hukwama matunduni. Chini ya milimita moja au mbili, wavu mkavu katika uzalishaji mkubwa huanza kushindwa, na kwa mikroni 75 haufai kabisa isipokuwa katika maabara.

Unyevu huharakisha kushindwa huko. Asilimia chache tu za maji hutosha kujenga madaraja madogo ya maji kati ya chembe na chembe, nazo zikashikana na kuziba matundu. Hata zikiwa kavu, chembe ndogo kuliko mikroni 10 hivi hushikana zenyewe na hung’ang’ania kokoto, kwa kuwa nguvu za mvutano kati ya nyuso huzidi uzito wa chembe. Kwa hiyo kabla ya kutengwa, unga hauna budi kwanza kubanduliwa na kutawanywa. Vinginevyo mtambo utalihesabu donge la chembe elfu moja kuwa chembe moja kubwa.

3.2 Hewa na uzito

Pale wavu unaposhindwa, hewa huchukua nafasi yake. Mwaka 1851 mwanafizikia George Gabriel Stokes alionesha kwamba chembe ndogo ya mviringo inayoanguka katika kiowevu hufikia kasi thabiti, na kwamba kasi hiyo hulingana na mraba wa kipenyo chake. Chembe yenye kipenyo mara kumi zaidi huanguka mara mia haraka zaidi. Kanuni hiyo hutumika vilevile katika hewa, mradi chembe ziwe ndogo vya kutosha.

Hesabu fupi inalifafanua jambo hili. Chembe ya mawe ya chokaa yenye kipenyo cha mikroni 10 huanguka katika hewa tulivu kwa milimita 8 hivi kwa sekunde. Ikiachiwa kutoka kimo cha mita mbili, itatumia takriban dakika nne kufika chini. Chembe ya mikroni 75 huanguka kwa kasi iliyo chini kidogo ya sentimita 40 kwa sekunde, na umbali huohuo huumaliza kwa sekunde tano hivi. Sasa tuchukulie kwamba mawe yaliyopondwa yanamwagwa katika bomba ambamo hewa inapanda kwa sentimita 40 kwa sekunde. Zilizo ndogo kuliko mikroni 75 zitachukuliwa juu. Zilizo kubwa zaidi zitaanguka. Hakuna wavu wala tundu linaloweza kuziba. Ukubadili mwendo wa hewa, unabadili mpaka wa mgawanyo.

Mpaka huo hauwi mkali kama ukingo wa kisu. Kuna ukubwa ambao chembe zake nusu huenda juu na nusu huenda chini. Ukubwa huo tunapendekeza uitwe kipimo cha mpaka. Kwa mgawanyo wa chembe ndogo zaidi, mtambo hutumia gurudumu lenye mapanga linalozunguka. Mzunguko hutupa chembe nje huku hewa ikizivuta ndani, na gurudumu likienda kasi zaidi, ni chembe laini zaidi tu zinazofaulu kupita.

3.3 Kuisafisha hewa

Hewa iliyobeba unga sasa haina budi kuutua mzigo wake. Kwanza huingizwa kwa ubavu katika chombo chenye umbo la pia, ambamo huzunguka. Chembe hutupwa ukutani na kuteleza hadi chini. Chombo hiki hunasa vizuri chembe zinazozidi mikroni 10, lakini ndogo zaidi nyingi hukiponyoka. Kisha hewa hupitishwa katika mifuko ya kitambaa. Hapo hunaswa hata chembe ndogo sana, na kinachozinasa si kitambaa peke yake: ni utando wa unga unaojengeka juu yake. Mfuko mpya hupitisha vumbi zaidi kuliko mfuko uliokwisha kupata utando wake. Utando ukizidi unene, mtambo hupuliza hewa iliyoshindiliwa kinyumenyume kwa nukta moja ili kuuangusha, mlango ukiwa umefungwa. Sasa yaonekana wazi kwa nini agizo la kufungua na kukung’uta lilikuwa la hatari.

4. Maneno ya nafaka katika machimbo

Tumeona kazi tatu zilizo tofauti: kugawa kwa tundu, kugawa kwa hewa na kunasa kutoka ndani ya hewa. Swali la mwanaistilahi ni kama Kiswahili kina majina matatu. Jibu lipo katika ua wa nyuma wa nyumba nyingi, panapotwangwa na kusafishwa nafaka.

Kuchekecha ni kutikisa kitu juu ya chekeche ili kilicho kidogo kipite. Ndiyo kazi hasa ya wavu wa 3.1. Kitenzi kuchunga kina maana inayokaribiana, kwa kuwa unga wa sima nao huchungwa. Lakini kuchunga pia ni kuangalia mifugo, na katika maandishi ya kanuni maana mbili za neno moja ni mzigo usio wa lazima. Tunapendekeza kuchekecha, chekeche na uchekechaji.

Kupepeta ni kurusha nafaka katika ungo ili upepo uondoe pumba na nafaka irudi. Mgawanyo hufanywa na hewa, si na tundu. Ungo hauna tundu linalopitisha kitu. Hiyo ndiyo kanuni ya 3.2. Kwa mtambo wenyewe lugha inalo jina pepeto, ambalo ni chombo cha kupepetea. Kwa hiyo tunapata kupepeta, pepeto na upepetaji, na kwa mtambo wenye mapanga, pepeto la mzunguko.

Kuchuja, katika matumizi ya nyumbani, ni kupitisha kiowevu katika kitambaa au chujio ili kilichomo kibaki: chai, tui, juisi. Kinachotakiwa kupita ni kiowevu. Kinachonaswa ni kile kilichochukuliwa nacho. Hewa hapa inashika nafasi ya tui. Kuchuja, basi, kuhifadhiwe kwa kazi ya mifuko ya 3.3 peke yake, pamoja na kichujio na uchujaji.

Kwa chombo cha umbo la pia, baadhi ya maandishi hutumia kimbunga. Tunaona kuwa neno hilo limekwisha kuwekwa na idara za hali ya hewa kwa tufani za baharini. Umma wa Afrika ya mashariki na kusini ulilisikia sana wakati wa Kimbunga Idai mwaka 2019. Lugha ina neno lililo karibu zaidi: kisulisuli, upepo mdogo unaozunguka na kuinua vumbi uwanjani. Kwa vigezo vya PEGITOSCA, vilivyopendekezwa na mwanaistilahi wa Uganda, Kiingi, kisulisuli kinafaulu katika uangavu na usahihi, ilhali saikloni inafaulu katika ukimataifa na tayari imezoeleka vinywani mwa mafundi. Pendekezo letu ni kutumia kisulisuli katika maandishi, na kuliacha neno saikloni libaki kwenye vibao vya mitambo mpaka wafanyakazi wenyewe waamue.

Ulinganisho na ungo una mipaka yake, na ni wajibu kuitaja. Pumba hupeperuka kwa sababu ni nyepesi kwa asili yake. Unga wa mawe hupeperuka kwa sababu ni mdogo, ingawa ni jiwe lilelile lenye uzani uleule wa gramu 2.7 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Vilevile, kinachochukuliwa na upepo nyumbani ni takataka, kumbe machimboni huenda ndicho kinachouzwa. Mwalimu anayetumia mfano wa ungo aitaje tofauti hizo mapema. Zaidi ya hapo, mfano unabeba mzigo wake vizuri: kila aliyewahi kupepeta anajua kwamba nafaka mbichi haipepeteki, na kwamba upepo ukizidi huondoka hata na mchele.

Inafaa kukumbuka kwamba kitenzi cha nne cha familia hii, kupembua, tayari kimehamia ofisini. Washauri wa sera hutumia upembuzi yakinifu kila mradi mpya unapopendekezwa, wala hakuna anayelalamika kwamba ni lugha ya ungo. Kama neno la nafaka liliweza kubeba tathmini ya mradi wa mabilioni, hapana sababu ya msingi ya kudhani kwamba mengine hayawezi kubeba tani za kokoto.

5. Unga na vumbi

Jozi ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa kisera. Katika maandishi mengi ya ujenzi, chembe laini huitwa vumbi popote zilipo: ndani ya rundo la kokoto, ndani ya gunia, na hewani. Mazungumzo ya kila siku hayadhuriki kwa hilo. Kanuni hudhurika.

Chembe zikiwa ndani ya rundo hupimwa kwa asilimia ya uzito: sampuli hupimwa, huchekechwa maabara, na kinachopita mikroni 75 au 63 hupimwa tena. Chembe zikiwa hewani hupimwa kwa miligramu katika kila mita ya ujazo ya hewa ambayo mtu anaivuta. Kipimo cha kwanza kinahusu ubora wa bidhaa. Cha pili kinahusu pafu. Kanuni inayosema “vumbi lisizidi kiwango kilichowekwa” bila kufafanua inamruhusu mkaguzi apime kokoto na kuondoka ameridhika, huku hewa ya kazini ikiwa haijapimwa kamwe.

Ukubwa nao hutofautiana. Mpaka wa mikroni 75 unamhusu mjenzi. Kwa daktari, chembe zinazohofiwa ni zile zilizo chini ya mikroni 10, ambazo hupita koo, na hasa zile za mikroni 4 au chini yake, ambazo hufika kwenye vifuko vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu. Chokaa safi si sumu kali, lakini mawe ya chokaa mara nyingi yana kwazi ndani yake, na vumbi lake huwa na silika ya fuwele. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika hiyo, inapovutwa kazini, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Na ugonjwa wa silikosisi inaousababisha hauna tiba ya kuuondoa. Tukumbuke dakika nne za chembe ya mikroni 10: hiyo ni hewa tulivu. Katika uwanja wenye magari na upepo, chembe hiyo inaweza isitue kwa saa nyingi, na jicho halitaiona.

Kwa hiyo tunapendekeza unga wa mawe liwe jina la chembe laini zilizotua, na vumbi liwe jina la chembe zinazoelea. Chembe ni zilezile. Kinachobadilika ni hali yake na wajibu wa anayezishika. Unga una mwenyewe na bei yake. Vumbi lina mtu anayelivuta.

6. Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi huu unaonesha kwamba upungufu wa istilahi unaolalamikiwa mara nyingi si upungufu wa maneno. Maneno yapo, kinachokosekana ni kuyagawia kazi na kuyashikilia. Tunatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, mashirika ya viwango ya nchi wanachama, yakishirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya Kiswahili, yasanifishe seti ndogo iliyojadiliwa hapa: kuchekecha kwa wavu, kupepeta kwa hewa, kuchuja kwa kitambaa, kisulisuli, unga wa mawe, vumbi na kipimo cha mpaka. Isanifishwe kama seti, kwa sababu kila neno linapata usahihi wake kutokana na jirani yake.

Pili, kila kanuni au kiwango kinachotaja chembe laini kieleze mambo mawili: ukubwa kwa mikroni, na kama kipimo ni asilimia ya uzito au miligramu kwa mita ya ujazo ya hewa. Bila hayo mawili, agizo halitekelezeki kwa lugha yoyote.

Tatu, miongozo ya usalama isomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wanaoendesha mitambo kabla haijachapwa. Katika machimbo ya mpakani, ambako watu wenye lugha nyingi za mama wanakutana katika Kiswahili, usomaji huo hugharimu asubuhi moja.

Ile rasimu iliyotajwa mwanzoni hatimaye ilipata sentensi tatu mahali pa moja: “Chekeche likiziba, mtambo uzimwe, kisha matundu yasafishwe kwa brashi. Kichujio kikiziba, mlango usifunguliwe. Msimamizi wa mitambo aitwe.” Sentensi hizo hazina neno jipya hata moja. Kilichoongezeka ni kwamba mtu aliye mbele ya mlango huo sasa anajua ni upi.